Printa ya ofisi inamaliza wino? Tafuta unakopotelea kabla ya kumshuku mtu

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio kipindi cha asubuhi kikiwa kinakaribia kuisha. Aliyeandika ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa pamba. "Mtangazaji tusaidie. Printa yetu inakula wino kupita kiasi na karatasi tunazochapa ni chache. Katibu akiulizwa anasema hajui. Tufanyeje?"

Niliusoma hewani bila kutaja chama wala kijiji. Hadi mchana simu ilikuwa imepokea jumbe nyingine za aina hiyohiyo: mwalimu mkuu ambaye mitihani ya majaribio ilikwama katikati ya kuchapwa, dada mwenye steshenari karibu na stendi, na mtendaji wa kijiji aliyesema kwao wino huisha "hata tukiwa likizo".

Huyo wa mwisho ndiye aliyenifanya nilifuatilie. Kama wino unapungua hata ofisi ikiwa imefungwa, basi ama kuna mwenye ufunguo wa pili, ama mashine yenyewe ina jambo. Niliongea na mafundi wawili wa mjini, nikasoma vitabu vya maelekezo vya printa zinazoonekana sana maofisini kwetu, kisha nikaomba ruhusa ya kwenda kwenye ofisi ya ule ushirika wa pamba nikiwa na fundi mmoja. Haya ndiyo tuliyoyapata, pamoja na yale unayoweza kuyafanya mwenyewe ukiwa na printa yako mbele yako.

Wino hutumika hata usipochapa

Printa ya wino ina kichwa chenye mamia ya matundu, kila tundu jembamba kuliko unywele. Kichwa hicho hukimbia kulia na kushoto juu ya karatasi na kurusha matone madogo ya wino. Printa za HP na Canon hupasha wino moto kwa sekunde ndogo sana mpaka povu lijitokeze na kusukuma tone nje. Za Epson na Brother hazipashi moto. Zina vipande vidogo vinavyojikunja vikipitishiwa umeme, na kule kujikunja ndiko kunakosukuma tone.

Huko Japani husimuliwa kwamba njia ya kupasha moto ilianzia kwenye ajali. Mwaka 1977 mhandisi wa Canon, Ichiro Endo, aliona chuma cha kulehemu chenye moto kikigusa sindano iliyokuwa na wino, na wino ukaruka kutoka kwenye ncha. Mwaka 1984 HP nao walitoa printa yao ndogo ya ThinkJet yenye kufanya kazi kwa wazo la namna hiyo.

Sehemu kubwa ya wino ni maji. Tundu jembamba kiasi hicho likiachwa wazi, maji hukauka na rangi huganda mlangoni. Kwa sababu hiyo printa imewekewa mambo mawili ya kujilinda. La kwanza, ikimaliza kazi na kuzimwa vizuri, kichwa hurudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira laini kinachoziba matundu. La pili, mara kwa mara hujisafisha: pampu ndogo huvuta wino kupitia matundu yote ili kuondoa uliogandia, na wino huo haufiki kwenye karatasi. Huenda kwenye sponji iliyo chini ya mashine.

Ile sauti ya kukoroma na kugugumia unayoisikia ukiwasha printa, kabla hujatuma chochote, mara nyingi ndiyo hiyo. Ni wino wako unashuka kwenye sponji.

Si jambo dogo. Mwaka 2013 jarida la watumiaji la Marekani, Consumer Reports, lilipima printa zinazotumika kwa kurasa chache chache badala ya mfululizo. Printa nyingi zilifikisha kwenye karatasi nusu ya wino au pungufu, na chache zilifikisha asilimia 20 hadi 30 tu. Uliobaki uliishia kwenye kujisafisha. Zile zilikuwa hasa printa za katriji, na mashine hutofautiana, lakini ofisi nyingi za vijijini huchapa vivyo hivyo: leo karatasi tatu, wiki ijayo kumi, kisha kimya.

Swichi ya ukutani

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na kosa lenyewe linatokana na nia njema ya kubana umeme.

Tulifika ofisi ya ushirika saa mbili asubuhi. Kijana anayefungua ofisi alitangulia ndani, akawasha swichi ya ukutani, printa ikawaka yenyewe, ikaanza kukoroma. Fundi alimuuliza jana jioni aliizimaje. Akajibu, "Ukutani, kama kawaida."

Ukikata umeme ukutani printa ikiwa inawaka, kichwa kinabaki palepale kilipokuwa. Kikiwa nje ya kifuniko chake, matundu yanalala wazi usiku kucha, na katika miezi ya kiangazi na vumbi yanaganda haraka. Asubuhi mashine ikiwashwa inatambua kwamba haikuzimwa sawasawa, basi inajisafisha. Jioni unaikata tena, na kesho inarudia. Ofisi inayofanya hivyo siku tano kwa wiki inalipia mwaga wino siku tano kwa wiki.

Utaratibu sahihi ni huu. Zima kwa kitufe cha printa yenyewe. Subiri taa iache kumeta na kuzima kabisa. Ni sekunde chache, na utasikia kichwa kikirudi pembeni. Baada ya hapo unaweza kuzima ukutani bila madhara yoyote. Kwa hiyo anayetaka kulinda uniti za LUKU hakatazwi, ila aanze na kitufe.

Umeme ukikatika wenyewe huna la kufanya wakati huo. Ukirudi, usiiache printa hivyohivyo hadi Jumatatu. Iwashe, iache itulie, kisha izime kwa kitufe. Ukisikia kuna mgao siku nzima, chapa kazi zako kwa pamoja umeme ukiwepo, halafu zima mapema.

Na usiwashe na kuzima kila mara. Kuna ofisi huwasha printa kwa karatasi moja, wanazima, baada ya saa moja wanawasha tena. Mashine nyingi hufanya usafi mdogo kila zinapowashwa. Washa mara moja asubuhi, zima mara moja jioni. Printa ndogo ikiwa imelala hutumia umeme kidogo mno: tuchukue wati 2, ukiiacha usiku na mchana mwezi mzima ni kama uniti moja na nusu.

Kitufe cha kusafisha si dawa ya kila siku

Tukiwa bado pale, kijana alibonyeza kitufe kingine na kukishikilia. Printa ikaanza kukoroma upya. Fundi akamshika mkono. "Unafanya nini?"

"Naipasha moto, kaka. Nilifundishwa mjini, ukiwasha tu unasafisha kwanza ndiyo inatoa vizuri."

Alikuwa akisafisha kichwa kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka. Hakuna aliyemwambia kwamba usafi ule unakunywa wino wa rangi zote, hata zile asizozitumia. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini wino wa njano na wa bluu ulikuwa ukiisha kwenye ofisi isiyochapa rangi.

Kusafisha kichwa kuna wakati wake, na wakati huo unaujua kwa karatasi ya kukagua matundu. Kwenye kompyuta fungua mipangilio ya printa, nenda sehemu ya matunzo, utaona palipoandikwa Nozzle Check. Printa nyingi zina njia ya vitufe pia. Kwa mfano kwenye Epson L3110 unaizima, kisha unaiwasha huku umeshikilia kitufe cha kusimamisha kazi. Itatoa karatasi yenye vistari vya kila rangi. Karatasi hiyo hutumia wino kidogo sana.

Angalia vistari. Kama vyote vimekamilika, kichwa ni kizima na usikisafishe, hata kama maandishi yako yametoka hafifu. Tatizo liko kwingine: pengine kompyuta imewekwa kwenye hali ya rasimu, pengine karatasi imenyonya unyevu, pengine faili lenyewe lina maandishi ya kijivu. Mistari ikitoka imepinda au maandishi yana kivuli, hilo ni suala la kupanga kichwa upya, na kusafisha hakutalitibu.

Kama vistari vimekatika, safisha mara moja, kisha chapa tena karatasi ya kukagua. Ukiona pengo limepungua, rudia. Kitabu cha L3110 kinasema ukifika mara 3 bila nafuu, acha. Zima printa, isubiri angalau saa 12, ndipo ujaribu tena. Watu huona ni maneno ya kupoteza muda, lakini yana sababu: wino uliogandia hulainishwa na wino mbichi unaougusa, na mapovu ya hewa kwenye mirija huhitaji muda wa kupanda. Ukiendelea kubonyeza unamwaga wino bila kuupa nafasi ya kufanya kazi.

Kuna pia usafi mkubwa unaosafisha mirija yote. Huo unakunywa wino mwingi na kujaza sponji mapema. Kwa mashine hizo za matenki unatakiwa uwe na angalau theluthi ya tenki kwa kila rangi kabla ya kuuanzisha, na kati ya usafi mkubwa mmoja na mwingine zipite saa 12. Mimi ningesema umwachie fundi.

Je, kuna mtu anachapa kwa siri?

Sasa turudi kwa katibu. Tulipofika alikuwa tayari amekatwa posho ya miezi miwili. Kikao kilikuwa kimeamua kwamba "wino hauwezi kutembea wenyewe", na kwa kuwa ufunguo wa ofisi anao yeye na yule kijana, mzigo ukamwangukia yeye. Maneno ya mtaani yalikuwa kwamba anachapa mitihani ya shule fulani na kuuza. Alitupokea kwa heshima, akatuwekea viti, ila hakuongea sana.

Fundi alichapa karatasi ya kukagua matundu na kutuonyesha namba. Printa nyingi huhesabu karatasi zote zilizopita ndani yake tangu zitoke kiwandani. Kwenye baadhi, namba hiyo hutoka kwenye karatasi hiyohiyo ya vistari. Kwenye nyingine unaipata kwenye kompyuta, sehemu ya matunzo, katika taarifa za printa.

Printa ya ushirika ilionyesha karatasi 1,912. Katibu akatoa daftari lake. Tangu printa ianze kutumika, miezi 14, alikuwa ameandika kila kazi: orodha za malipo ya wakulima, barua, mihtasari. Tulijumlisha kwa kikokotoo cha simu tukapata 1,874. Tofauti ni karatasi 38 kwa miezi 14, na ndani yake zimo zilizokwama, zilizoharibika na za majaribio.

Kisha tukaja kwenye wino. Chupa ya wino mweusi ya Epson aina ya 103 ina mililita 65, na kampuni inasema inachapa karatasi 4,500. Gawanya, utaona mililita moja inatosha karatasi 69 hivi. Ushirika ulikuwa umeshanunua chupa nne za ujazo kama huo. Kwa hesabu ya kampuni, chupa nne ni karatasi 18,000. Zilizochapwa hazifiki 2,000.

Hesabu ya kampuni uipunguze, hilo ni kweli. Kwanza, inapatikana kwa kuchapa kurasa za majaribio mfululizo, si karatasi tatu leo na tano wiki ijayo. Pili, chupa za kwanza kabisa sehemu yake hujaza mirija na kichwa, kwa hiyo haziwezi kufikisha idadi hiyo. Tatu, ukurasa wa maandishi ya kawaida hufunika sehemu ndogo tu ya karatasi. Ukichapa bango lililojaa rangi, ukurasa mmoja unaweza kumeza wino wa kurasa nyingi. Lakini hata ukiigawa mara mbili au tatu, bado wino wa ushirika ulikuwa umekwenda mahali ambapo si kwenye karatasi.

Fundi aligeuza kifuniko cha nyuma, akatuonyesha sponji. Ilikuwa imelowa, nyeusi yenye kingo za zambarau.

Niseme pia kile ambacho hesabu hii haiwezi kukijibu. Namba ya karatasi inakuonyesha kama kuna kazi za siri zinazopita kwenye mashine. Haikuonyeshi kama mtu amebeba chupa nzima kabatini. Kwa hilo unahitaji njia nyingine: chupa zikae sehemu yenye kufuli, tarehe ya kununua na ya kujaza iandikwe, na wakati wa kujaza tenki wawepo watu wawili.

Kwa ofisi yako anza leo. Chapa karatasi ya kukagua, andika idadi ya karatasi na tarehe. Kama ni printa ya tenki, bandika utepe mwembamba pembeni ya tenki sawasawa na wino ulipofikia. Piga picha kwa simu. Baada ya wiki mbili piga tena, na ulinganishe kupungua kwa wino na idadi ya karatasi. Wino ukishuka sana na karatasi hazijaongezeka, chunguza namna printa inavyowashwa na kusafishwa. Karatasi zikiongezeka kuliko daftari, hapo una haki ya kuuliza watu.

Mipangilio ya kompyuta

Haya ni ya haraka. Kwa barua na kazi za ndani, chagua rasimu. Kwa maandishi, chagua nyeusi na nyeupe ili kompyuta isichapishe kiungo cha bluu au nembo ya rangi. Hakikisha aina ya karatasi iliyochaguliwa ni ya kawaida. Ikisomeka karatasi ya picha, printa itamwaga wino mwingi zaidi, na baadhi ya mashine huacha wino mweusi wa maandishi na kutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi nyingine. Kuchapa picha bila mpaka pia kunapoteza, kwa kuwa printa hupitisha wino hadi nje ya ukingo wa karatasi na unaozidi huangukia ndani.

Aina ya herufi ina mchango wake. Chuo cha Wisconsin-Green Bay nchini Marekani mwaka 2010 kilihama kutoka herufi za Arial kwenda Century Gothic kwa barua pepe zake ili kupunguza wino, kwa kuwa mistari yake ni myembamba. Tahadhari ni kwamba Century Gothic ni pana. Mtihani wa kurasa nne ukigeuka wa kurasa tano, rimu ya karatasi itakula ulichookoa.

Kuchapa nyeusi tupu hakulindi rangi nyingine kikamilifu. Usafi unazigusa zote. Na rangi isiyotumika hukauka, kwa hiyo mara moja kwa wiki chapa karatasi moja yenye rangi zote nne, hata kama ni ndogo. Ni wino kidogo kuliko usafi mmoja.

Wino wa bei poa

Si kila wino usio wa kampuni ni mbaya. Mafundi wote wawili wanatumia wino wa kujazia kwenye mashine za wateja na hawakunificha. Wanachokataa ni kuchanganya. Wino wa aina mbili tofauti ndani ya tenki moja unaweza kugandiana, na matundu yakiziba utasafisha mpaka chupa iishe. Wanakataa pia chupa isiyo na jina la mashine inayofaa, au yenye kizibo kilichokwisha kufunguliwa. Wino wa bandia wenye chapa ya kampuni ni kosa. Kwa Tanzania Bara bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na kuna maana ya kudai risiti yako.

Usiache tenki likauke chini ya mstari wa mwisho. Hewa ikiingia kwenye mirija utalazimika kuivuta kwa usafi mkubwa.

Kuhusu sindano, spiriti na maji ya moto yanayomiminwa kwenye kichwa: kwa katriji ndogo za HP na Canon ambazo kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe, unaweza kukandamiza upande wa matundu taratibu kwenye kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yaliyochemka, kwa dakika moja au mbili, ukafuta na kurudisha. Ukiharibu, umeharibu katriji. Kwa printa ya tenki kichwa kimefungwa ndani ya mashine, na ukikiharibu gharama yake inakaribia ya mashine mpya. Na jihadhari sana na kinachoitwa maji ya betri. Dukani jina hilo hupewa maji yaliyosafishwa na wakati mwingine hupewa asidi. Asidi itakula kichwa na vidole vyako.

Taa zikimeta na printa ikagoma

Printa huhesabu ni mara ngapi imemwaga wino kwenye sponji. Hesabu ikifika mwisho, inagoma kuchapa na kuonyesha kwamba sponji imejaa. Wengi hutafuta programu ya bure kwenye intaneti ya kurudisha hesabu kwenye sifuri.

Programu hiyo inaweza kufanya kazi, lakini inafuta namba tu. Sponji inabaki imejaa, na wino unaofuata utashuka mezani au kwenye vifaa vya umeme vilivyo ndani. Zaidi ya hapo, programu hizo za bure ni njia kubwa ya kuingiza virusi kwenye kompyuta yenye orodha za malipo ya watu. Mpe fundi, abadilishe au aoshe na kukausha sponji kwanza, ndipo arudishe hesabu. Baadhi ya mashine mpya zina kisanduku cha wino taka ambacho unakitoa na kuweka kingine mwenyewe. Ukinunua printa, uliza kama inacho.

Kusafirisha kwa bodaboda

Dada wa steshenari alipoteza wino wote siku moja, na haikuwa usafi. Aliihamisha printa ya tenki kwa bodaboda, imelazwa ubavu. Printa ya tenki husafiri ikiwa imesimama kama ilivyo mezani, vifuniko vya matenki vimebanwa, imezimwa kwa kitufe, na ndani ya boksi lake kama bado lipo. Baadhi ya mashine za zamani zina kitasa kidogo cha kufunga njia ya wino wakati wa safari. Ukifika, iache itulie kabla ya kuiwasha. Bajaji ni bora kuliko bodaboda, na ukiipakata ni bora zaidi.

Au mnunue ya leza?

Ofisi inayochapa mara chache kwa mwezi, maandishi meusi tu, inafaa kufikiria printa ya leza. Hiyo hutumia unga uitwao tona, na unga haukauki hata ukikaa miezi. Hakuna matundu, hakuna usafi, hakuna sponji ya wino.

Tatizo ni umeme. Leza hupasha karatasi moto ili unga ushike, na wakati huo huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Printa ndogo ya wino ikiwa inachapa huvuta chini ya wati 20. Ofisi inayotegemea sola na inveta ndogo itaona inveta inapiga kelele na kuzima leza inapowashwa. Kwa hao, printa ya wino bado ndiyo yao. Hata printa za matenki makubwa zenyewe zililetwa sokoni kwa watumiaji wanaotaka wino wa gharama nafuu: Epson walianza kuziuza nchini Indonesia mwaka 2010, ambako watu walikuwa wakijitengenezea matenki ya nje kwa mirija na chupa.

Ushirika wa pamba wana sola, kwa hiyo wamebaki na printa yao. Fundi alibadilisha sponji. Kikao kiliitishwa wiki mbili baadaye nami nilialikwa. Karatasi ya namba 1,912 na daftari vilipita mkono kwa mkono. Ndipo mjumbe mmoja akauliza ni nani aliyeagiza printa izimwe ukutani kila jioni. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, akasema ni yeye, alikuwa anaokoa umeme wa chama. Posho ya katibu ilirudishwa. Mjumbe mmoja alikataa kuunga mkono, akasema anasubiri aone chupa ya sasa itafika wapi. Utepe umebandikwa kwenye tenki, na picha ya kwanza ipo kwenye simu yake.